Fimbo ya Nyuma

Kaka yangu alipewa jina la Masikio kabla hajaota ndevu, na alilistahili. Tulipokuwa watoto aliweza kusimama katikati ya kelele za soko, akainua kidole, akasema baba anarudi. Kweli, baada ya muda ungeisikia ile baiskeli yenye mnyororo uliolegea ikikata kona. Alipoanza kazi ya kuongoza wageni msituni, wenzake walitafuta nyayo na kinyesi. Yeye alifumba macho, akasikia tumbo la tembo likinguruma nyuma ya vichaka. Wageni walidhani ni mazingaombwe. Mimi niliona ni majivuno pia, maana sijawahi kuona mtu anayependa kusifiwa kama yeye.

Nilimpenda, na alinichosha maisha yangu yote. Nayasema yote mawili mapema ili nisionekane baadaye kama ninajitetea.

Kampuni yetu ilikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la mabati na misumari. Upande mmoja kulikuwa na meza ya mkurugenzi, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, ambaye hakuna jambo lililompita. Upande wa pili kulikuwa na rafu za mahema, majiko ya gesi, miwani ya maji, mirija ya kupumulia na mapezi ya mpira yaliyoning'inizwa jozi jozi kwa saizi. Chumba kizima kilinuka mpira na chumvi. Safari yetu ilikuwa moja tu, ileile kila mara: siku mbili kwa miguu, mabegi mgongoni, kupita msituni hadi ufukweni; siku ya tatu kuingia majini kutazama matumbawe. Masikio alikuwa mwongozaji mkuu. Mimi nilikuwa mpishi, mbeba sufuria, na dada mtu wa kutukanwa chumvi ikizidi.

Msituni hatukuruhusu kupayuka. Tulitembea mstari mmoja, mwongozaji mbele, mlinzi wa nyuma mwishoni, na wote wawili walishika fimbo. Mlinzi akigonga fimbo yake mara moja kwenye mti, maana yake simameni. Mara mbili, kuna mnyama. Mara tatu, mtu hayupo. Mwongozaji hujibu kwa kugonga mara moja, kuonyesha amesikia. Asipojibu, mlinzi haruhusiwi kuondoka alipo. Mgeni angeweza kutembea na sisi siku nzima akafikiri tunagonga miti kwa kujifurahisha, lakini maisha yake yalikuwa humo.

Sasa nitasema la sikio. Kabla ya kuwa mwongozaji, kaka alipiga mbizi miaka kumi na moja, akifungua nanga na kamba zilizonasa chini ya boti za watu. Sikio la kushoto lilitoka usaha, likapona, likatoka tena. Alitia mafuta ya uvuguvugu na ubishi. Hatimaye, akiwa tayari mwongozaji, likafa kabisa, na la kulia likaanza kulifuata. Nilimpeleka hospitali kwa nguvu. Ukutani mwa chumba cha daktari kulikuwa na picha kubwa ya sikio lililokatwa katikati, na kaka aliitazama picha hiyo muda wote ili asinitazame mimi.

Daktari alisema ngoma ya sikio imetoboka vibaya na kwamba asitie tena kichwa ndani ya maji. "Maji baridi yakiingia humo," alisema, "atashikwa na kizunguzungu hadi asijue mbele ni wapi na nyuma ni wapi."

Tulipotoka barabarani kaka aliniuliza, "Amesemaje?"

Nikamrudia. Hakusikia. Nikamrudia kwa sauti, hadi mwenye kibanda cha kutengeneza viatu akasimamisha nyundo.

"Punguza sauti," akasema. "Unatangaza mnada?"

Tulicheka hadi tukashika mbavu pale pale kando ya mtaro, watu wazima wawili. Kisha akaacha kucheka. Akaniambia anaomba kitu kimoja tu.

Kitu chenyewe kilikuwa binti yake. Binti alikuwa na miaka ishirini na mitatu, ameacha cherehani akataka msitu. Ili apate leseni ya uongozaji ilimbidi atembee safari ishirini akiwa mlinzi wa nyuma, chini ya mwongozaji mkuu aliye timamu wa macho na masikio. Ndivyo fomu ilivyosema. Ikijulikana kwamba mwongozaji si timamu, safari zote zilizotembewa chini yake zinafutwa. Waongozaji wengine wakuu walikuwa wawili. Mmoja alikuwa anamfundisha mpwa wake. Wa pili alisema hatembei na wanawake msituni kwa sababu mafuta yao ya nywele yanaita nyuki. Kwa hiyo ilikuwa baba yake au basi.

"Utatembea nyuma yangu, wa pili," kaka akaniambia. "Fimbo ikigonga, nivute mkanda wa begi. Nitajibu. Safari ishirini tu, kisha natundika fimbo."

"Na yeye tumwambie?"

"Ukimwambia atakataa. Unamjua."

Nilimjua. Nikakubali. Nikawa masikio ya Masikio, na kwa misimu miwili hakuna aliyegundua. Binti alikuwa akigonga huko nyuma, mimi navuta, baba anajibu. Niliona raha ya ajabu katika ujanja ule, na naona aibu kuiandika raha hiyo sasa.

Safari ya ishirini ilikuwa na wageni watano: mume na mke waliokuwa walimu wastaafu, marafiki wawili wauguzi, na fundi wa saa ambaye hakuwahi kwenda likizo tangu azaliwe, akabeba begi ambalo nadhani lilikuwa na nusu ya nyumba yake. Kaka alimtania tangu alfajiri. "Fundi, kabati la nguo umeliacha na nani?"

Siku ya kwanza, saa nane mchana, fimbo iligonga mara mbili. Nikavuta. Kaka akasimama, akajibu, akainua mkono. Tukachuchumaa. Tembo kumi na mmoja walipita kushoto kwetu, karibu kiasi cha kusikia ngozi zao zikisuguana, na mtoto mmoja katikati aliyekuwa bado hajui afanyeje na mkonga wake. Mke wa mwalimu alilia machozi. Muuguzi mmoja alinishika mkono bila kujua ni wa nani. Nami ningelia kwa uzuri ule, ila niliona kitu. Kabla hawajatokea vichakani, matawi yalikuwa yakivunjika kushoto, na kaka alikuwa amekaza macho kulia, akiwatafuta.

Jioni nilipokuwa nakoroga dengu, fundi wa saa alikuja kukaa jirani na jiko.

"Mama mpishi," akasema, "kwa nini kabla ya bwana mkubwa kusimama wewe unamvuta begi?"

"Anapenda kukimbia. Namkumbusha tupo."

Aliitazama sufuria. Mtu anayetazama saa zilizokufa maisha yake yote si rahisi kumdanganya. Hakuuliza tena, lakini kuanzia hapo nilimwona akitembea huku akitazama mkono wangu.

Siku ya pili kamba ya kiatu changu ilikatika. Niliinama kuifunga fundo; ni kitu cha kupumua mara tano. Binti akaona mstari umekatika, akagonga fimbo mara moja huko nyuma, kwa nguvu: simameni. Niliinua kichwa. Wageni walikuwa wamesimama kama walivyofundishwa. Kaka alikuwa anaendelea kutembea peke yake, taratibu, anaangalia vilele vya miti ambako mbega walikuwa wakirukaruka. Mbele yake, kwenye tope la njia, nyati dume alikuwa amelala, pembe zake zimefunikwa na udongo mweusi.

Nilikimbia. Msituni hatukimbii, lakini nilikimbia, nikamkamata mkanda kwa mikono miwili. Nyati akasimama. Sijawahi kuona kitu kizito kikiinuka upesi vile. Alitutazama, akapuliza pua, tope likamdondoka kidevuni. Kaka hakusogea, maana macho yake yalikuwa mazima na ujuzi wake ulikuwa mzima. Nyati alifikiria, kisha akageuka akapasua vichaka.

Wageni walipiga makofi. Kaka akawageukia, akatabasamu. "Nilitaka mmwone vizuri," akasema.

Binti alikuja mbele, jasho limemtoka puani. "Baba, niligonga."

Nilimgusa kaka, nikasema nikimwelekea usoni, "Anasema aligonga."

"Nilisikia. Mwongozaji mkuu ana hiari yake, mwanangu. Utaelewa ukipata leseni."

Binti aliinamisha kichwa, akarudi nyuma. Aliamini. Hilo ndilo lililonitia baridi kuliko nyati: alikuwa amefundishwa na sisi kwamba baba yake husikia kila kitu, na kwamba asipotii fimbo ana sababu zake.

Tulipofika ufukweni jua bado lilikuwa juu. Wageni wakavua viatu wakacheza majini. Nilimvuta kaka nyuma ya mahema, nikamsemea karibu na sikio la kulia.

"Kesho usiingie. Mwache binti awaongoze, wewe kaa botini na mimi."

"Safari haihesabiki kama mwongozaji mkuu hakuongoza sehemu zote."

"Daktari alisemaje?"

"Majini hakuna anayesikia kitu. Natumia macho. Kila mara nageuka nyuma kuwaangalia, safari kumi na tisa nimefanya hivyo, sijapoteza hata kofia." Akanishika bega. "Kesho jioni nampa mkono kama mwenzangu kazini. Keshokutwa nakaa nyumbani nikuchoshe."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kwenda hatua ishirini tu mpaka kwa binti, aliyekuwa anafua soksi za baba yake kwenye ndoo, nikamwambia. Nilirudi kumenya viazi.

Asubuhi maji yalikuwa yametulia, yanaonyesha chini. Nahodha, mzee mkavu mwenye kijiti cha meno ambacho sijawahi kukiona kikitoka mdomoni, alitia nanga ndani ya ukuta wa matumbawe. Umbali wa kutupa jiwe mara tatu kulikuwa na uwazi katika ukuta ule. Waliuita mlango. Maji yakijaa, bahari iliingilia pale. Yakianza kupwa, ilitokea pale pale, na kwa kasi.

"Saa nne na nusu wote wawe humu," nahodha akasema. "Baada ya hapo mlango unavuta."

Kaka aliwapa maelezo yake ya kila siku, kwa sauti iliyokuwa kubwa kidogo kupita kiasi, kama ilivyokuwa siku hizo. "Nifuateni mimi. Usimtazame mwenzako, usifuate samaki mzuri. Nitazameni mimi tu. Binti yangu yuko nyuma yenu." Binti alikuwa na vyuma viwili vifupi kiunoni; majini, badala ya fimbo, aligonga chuma kwa chuma. Mwongozaji hujibu kwa kuinua mkono.

Waliingia. Mimi sijui kuogelea, kwa hiyo matumbawe nayaona kutoka juu, rangi tu zinazotikisika. Lakini niliwasikia wageni wakipiga kelele za furaha kupitia mirija, sauti za kitoto. Mume wa mwalimu aliinua kichwa akamwambia mkewe kuna kasa, kobe wa baharini mkubwa kuliko meza yao. Fundi wa saa alielea bila kusogea, mikono ameitanua, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke alionekana hana mzigo. Kaka alikuwa mbele. Kila baada ya kupiga mapezi mara chache aligeuka kuwaangalia. Nilianza kupumua. Nilianza hata kufikiri jioni nitapika nini cha sherehe.

Saa nne na dakika ishirini walikuwa wakigeuka kurudi. Kaka alizama kidogo, nadhani alitaka kuwaonyesha kitu chini. Alipoibuka alikaa kichwa chini muda mrefu. Mkono mmoja ulishika maji kama mtu anayetafuta ukuta gizani. Kisha akaanza kuogelea tena, kwa nguvu, vizuri kabisa, na mstari wote ukamfuata.

"Anaenda wapi huyo?" nahodha akasema.

Alikuwa anaelekea mlangoni.

Kwenye boti tulikuwa na kipande cha bomba la chuma kinachoning'inizwa majini. Nahodha alichukua nyundo akagonga mara tatu. Rudini. Vichwa vitano viliinuka, vikatazama boti, vikamtazama kaka. Kaka hakugeuka. Wageni wakatia nyuso zao majini, wakamfuata. Si ndivyo alivyowaambia?

Nikaona binti akigonga vyuma vyake. Akasubiri mkono. Hakuna mkono. Akagonga tena, akasubiri tena. Alikuwa anahesabu kimoyomoyo kama alivyofunzwa, anampa baba nafasi ya kujibu, kwa sababu baba hakuwahi kushindwa kujibu. Nahodha aligonga bomba hadi likamtoka mkononi. Nilisimama ukingoni nikapiga ukelele ambao haukuwa wa maneno, kisha ukawa wa maneno.

"Hasikii! Mwanangu, baba yako hasikii! Hasikii!"

Binti aligeuka kunitazama. Alikuwa mbali, uso umefunikwa na miwani, sikuona kitu usoni mwake. Lakini aliacha kusubiri.

Alikata maji kama mtu anayefukuzwa. Alimkamata muuguzi wa mwisho, akamwonyesha boti, akampita, akamkamata wa pili. Walimu aliwashikanisha mikono. Fundi wa saa alikuwa wa kwanza nyuma ya kaka, na maji yalikuwa yameshaanza kumbeba. Binti alimshika jaketi la kuelea, akamvuta kwa ubavu, na kwa muda walikaa mahali pamoja, wanapiga mapezi bila kusogea hata kidogo. Nahodha alirusha kamba yenye boya. Mara ya kwanza haikufika. Mara ya pili binti aliipata.

Sheria inasema wageni kwanza. Nilimwona akigeuka mara moja tu kuelekea mlangoni, ambako mrija wa baba yake ulikuwa unapita kwenye povu, kisha akageuza shingo na kuvuta mgeni wake. Aliwasukuma wote watano juu ya ngazi, mmoja mmoja, akiwagusa vichwa na kuhesabu kwa sauti. Mke wa mwalimu alitapika. Binti alipanda mwisho, akasema, "Nahodha, ng'oa nanga."

Tulipita mlangoni boti ikiruka. Nje bahari ilikuwa na rangi nyingine, nzito. Tulimtafuta dakika ishirini na tano. Nilikuwa nimeshaanza kumwandalia mazishi kichwani, na nilikuwa nimeshajihukumu, nilipomwona fundi wa saa akinyoosha kidole.

Alikuwa anaogelea. Hakuwa anapigania roho yake hata kidogo. Alikuwa anaogelea taratibu, kichwa chini, juu ya maji ambayo hayakuwa na chini, na mkono mmoja ulikuwa ukionyesha pembeni. Halafu kidole gumba kikainuka: pazuri. Alikuwa anawaonyesha wageni matumbawe. Sijui kizunguzungu kile kilimwonyesha nini huko chini.

Nahodha alimshika kwapa tukamvuta ndani. Alivua miwani. Macho yake yalikuwa yanazunguka, yakashindwa kutua kwenye kitu chochote.

"Wako nyuma yangu," akasema. "Ngojeni, wako nyuma yangu, watano."

Kisha akawaona, wamekaa kwenye benchi wamefunikwa mataulo, wanamtazama. Akawahesabu. Akacheka kidogo, akatapika, nikamshika paji la uso kama alivyokuwa akinishika mimi nilipokuwa mdogo na homa.

Binti alisimama nyuma ya mgongo wake. Alisema, si kwa sauti kubwa, "Baba."

Hakugeuka.

"Baba. Geuka."

Alikuwa anafuta mdomo. Binti alinitazama mimi badala yake. Maji yalikuwa yakimtiririka kwenye nywele hadi puani, hakuyafuta.

"Safari ngapi, Shangazi?"

Nilikuwa na uongo mwingi tayari. Nilikuwa na "siku hizi mbili tu", nilikuwa na "amepata mafua". Fundi wa saa alikuwa ananitazama mkono.

"Zote," nikasema.

"Zote ishirini."

"Tangu ya kwanza."

Aliitikia kwa kichwa pole pole, kama mtu anayeelezwa njia ya kwenda mahali fulani. "Kwa hiyo nilikuwa nalinda nyuma," akasema, "na mbele hakuna mtu."

Nilimwambia kwamba ni kwa ajili yake. Nilimwambia leseni iko mkononi, kwamba imebaki saini tu, kwamba wageni wako salama na baba yake hatatia mguu msituni tena, namwapia. Kwamba tukinyamaza sote hapa hakuna atakayeumia. Nilisema yote hayo mbele ya wageni watano, bila haya. Hakunikatiza. Nilipomaliza alimvisha baba yake taulo, akamkalisha karibu na usukani ambapo hapakutikisika sana, akakaa naye, akachukua redio ya mawasiliano.

"Ofisi, hapa ni boti. Wageni watano wamo, wazima. Mwongozaji mkuu yumo, mgonjwa, atahitaji daktari ufukweni."

Sauti ya mkurugenzi ilikwaruza ikauliza kumetokea nini.

"Mwongozaji mkuu hasikii. Hajasikia tangu safari yangu ya kwanza. Andika hivyo, tafadhali. Na safari zangu ishirini zifutwe, ninaomba mwenyewe."

"Rudia," mkurugenzi akasema.

Alirudia, neno kwa neno, taratibu zaidi ili ofisi ipate kuandika. Baba yake alikuwa amekaa bega kwa bega naye, anautazama mdomo wake ukisogea, ameuona uso wake umetulia na redio imeshikwa sawasawa, kama alivyomfundisha. Akadhani anatoa taarifa kwamba kazi imekwisha salama. Akampigapiga goti, akanigeukia mimi akitabasamu, akaniinulia kidole gumba. Nami nikakiinua changu.